Mama aliniunguza uso kwa mafuta ya korosho, mimi ndiye naitwa mchubuaji

Admin, naomba jina langu ulifiche kabisa, maana Mtwara ni mji wa kujuana. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, naishi Likombe na mama yangu, nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi pale Chikongola. Baba alishafariki na sina ndugu wa tumbo moja. Nimechumbiwa na kijana wa bandarini, mtaratibu, mtu wa swala, na harusi ilipangwa korosho zikishauzwa kama wengi wa huku tunavyofanya.

Tatizo langu ni chunusi. Ninazo tangu sekondari, mashavuni na kidevuni. Mwaka jana nilienda kwa daktari wa ngozi, akanipa dawa ya kupaka usiku, zikatulia mpaka nikaanza kupiga picha kama wenzangu. Shida ikaja na kipupwe. Najua watu wa Njombe watanicheka nikisema Mtwara kuna baridi, lakini huu upepo wa kusi unakausha ngozi, anayebisha ajitazame midomo. Uso ukakakamaa, ukaanza kubabuka, na dawa nayo ikawa inawasha. Nikaiacha. Nikawa najipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni ili ulainike, na yale magamba nayasugua kwa dodoki. Haikupita muda chunusi zikarudi na ukoo wao wote, kubwa, zenye usaha, zinauma hata nikilalia mto.

Mama yangu anabangua korosho nyumbani. Kwa wasiojua, ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu mikononi kabla ya kazi. Huku kwetu mafuta hayohayo ni dawa ya chunjua, vile vinyama vigumu vinavyoota kwenye ngozi. Unagusisha kidogo kwa kijiti, inakauka, inabanduka. Mama ameshawatoa chunjua watoto wengi wa mtaani, miguuni na vidoleni, na watu wanamsifu. Siku hiyo alinikuta nalia mbele ya kioo, akaniambia, "Mwanangu, chunjua inatoka, itakuwa kipele? Tunagusa vichwa tu."

Nikakubali, hakunilazimisha. Alinigusa kwa kijiti cha ufagio, kipele kimoja kimoja, huku ananipuliza nisisikie moto. Kumbe ngozi yenyewe ilishachoka kwa baridi na kusuguliwa. Kesho yake mashavu yote mawili yalikuwa malengelenge. Yalipopasuka yakaacha mabaka, mengine mekundu, mengine meusi, mpaka leo. Mama aliponiona alikaa chini mlangoni.

Daktari nilimwambia ukweli. Alisikitika sana. Akasema baridi ilipoingia sikutakiwa kuacha dawa wala kujisugua, ningerudi kwake anipunguzie, nipake siku moja niruke moja. Uso niuoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, nipake losheni nyepesi ukiwa bado na unyevu, na mafuta ya nazi niyaache yakae jikoni. Mambo madogo kabisa, jamani. Nilitoka pale nalia njia nzima ndani ya bajaji.

Sasa kilichoniumiza zaidi ya uso ndicho hiki. Mama mkwe alikuja na shangazi wa mchumba wangu kunijulia hali. Wakakaribishwa mkekani, nikaleta chai. Shangazi akanitazama muda mrefu, kisha akamgeukia mama. "Dada, tumekuja kwa wema. Lakini huyu binti yako anatumia mkorogo, na sisi kwetu hatuoi mwanamke anayejichubua."

Nikamtazama mama. Nilikuwa na hakika atasema. Akainamisha kichwa, akawa anakwangua weusi wa korosho kwenye kucha zake. Mama mkwe akauliza kama ni kweli, mama akazidi kukwangua. Nikaona aibu inamtoa jasho mama yangu, nikajikuta nasema mimi, "Ndiyo shangazi, nilipaka. Nisameheni."

Walipoondoka nilimuuliza mama kwa nini aliniacha vile. Akanijibu, "Ningesema, wangesema nimemuunguza ntoto makusudi, sitaki aolewe niachwe peke yangu." Na kweli wangesema, maana posa ilipoletwa mama alilia siku nzima na majirani walimwona. Mimi najua si makusudi. Lakini wapendwa, aliniacha. Nampenda mama yangu na nina hasira naye, vyote viwili kwa pamoja.

Mchumba wangu amesema yeye kanisamehe, ila wazee wao wanataka Jumapili nishike Msahafu mbele ya mshenga, niape kwamba nimetubu kujichubua. Nitashikaje Msahafu nitubu dhambi nisiyoifanya? Na nikiwaeleza ukweli, mama ataitwa mchawi wa mwanawe, na hakuna mzazi atakayempelekea tena mtoto hata mwenye chunjua. Mchumba mwenyewe nikimwambia kwa siri, naogopa atamwambia mama yake, mtoto wa mama yule. Mama naye kaniambia nikitaka kusema niseme, hatanilaumu. Ananiambia hivyo huku hanitazami usoni.

Nimeishiwa akili, nishikeni mkono mlionitangulia. Niape ndoa ipone, au niseme mama aanguke? Ila chondechonde, kwenye komenti msimtukane mama yangu. Kila alfajiri anaamka kabla yangu kunipashia maji ya kunawa, anayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, yasije yakaniunguza.