Mama Vyura na Bwawa la Nyuma ya Saluni

Saa nne asubuhi, mtafiti wa vyura ameketi kwenye kigoda cha saluni, nusu ya nywele zake zimesukwa, nusu zimesimama. Mkononi ana chupa ya maji yenye viluwiluwi. Wateja wawili wamesogeza viti kuwatazama.

"Hawa wana meno?" anauliza mmoja.

"Wangekuwa na meno ya kukutisha, ungeniona na vidole hivi?" anajibu, na saluni nzima inacheka.

Hapa mtaani wanamwita Mama Vyura. Kazi yake ni kuchunguza viumbe wa bwawa lililo nyuma ya saluni hii, kisha kuwaeleza watu alichokiona. Kuchunguza alifundishwa chuoni. Kueleza, anasema, amefundishwa na msusi huyu anayemsuka.

Mwaka jana wakazi waliomba bwawa lifukiwe. Mtafiti alialikwa kwenye mkutano wa mtaa, akaja na projekta na michoro yake. Akaeleza bioanuwai, akaeleza habari za chura mdogo wa kijani ambaye hajamkuta kwingine kokote alikochunguza. Watu wakasikiliza kwa adabu. Ndipo msusi akasimama.

"Binti yangu aliopolewa humo akiwa hana fahamu," akasema. "Ya chura nimeyasikia. Na mwanangu je?"

"Nilijiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo," anakumbuka mtafiti. "Nikakaa chini."

Kesho yake alikwenda saluni mikono mitupu, kutoa pole.

"Pole haitolewi wima," msusi akamwambia. "Keti nikusuke."

Huku akisuka, akamsimulia: kandambili moja ikielea, majirani wakipiga kelele, mtoto akitapika maji, kisha, alhamdulillahi, akianza kulia. Mtafiti naye alilia.

Barua aliyoipeleka ofisi ya mtaa baada ya hapo haikuwataja vyura. Iliomba uzio. Ofisi ikatoa nguzo, na mume wa msusi, fundi wa kuchomelea, akatengeneza lango lenye komeo la juu, mtoto asilifikie.

Lango lilipofungwa, maswali ya majirani kuhusu vyura yakafunguka. Wanakula nini? Mbona wanapiga kelele mvua ikinyesha?

"Wanakula wadudu, mbu wakiwemo," huwajibu. "Ila siwadanganyi kwamba watawamaliza. Vyandarua msitupe."

Ombi la kufukia bwawa limeahirishwa tu, halijafutwa. Mtafiti analijua hilo. "Wakiamua kulifukia, basi wafukie wanachokijua," anasema.

Msusi anavuta fungu jingine la nywele. "Mimi vyura sijawapenda," anasema. "Lakini siku hizi wakinyamaza jioni, nauliza wamepatwa na nini."

Mwezi ujao mtafiti anapanga kuwaleta hapa wanafunzi wake wa chuo, waketi saluni kabla hawajashika maiki popote.

"Nataka wajifunze kunyamaza na kusikiliza," anasema.

"Kunyamaza?" msusi anadakia. "Na atakayewafundisha ni wewe? Tangu umeingia mdomo haujafungwa! Haya, geuza kichwa."