Mulango wa Masomo na Jua ya Beni

Iko siku moja ya jua yenye haitokake mu kichwa yangu, mwana yangu. Jana ku mukutano ya baparents, wakati muliniuliza kama masomo, nyumba yenu ya kusomea, ifungwe juu ya joto, ile siku ikarudi, ikakaa karibu yangu sawa mugeni mwenye hataki kuenda. Mulizania muzee analala. Kweli, nilikuwa nalala kidogo. Mais leo nitajibu, hata kama mutu mwenye alifikia cinquième primaire, kilasi ya tano, na ndevu zake hapana mutu wa kushauria balimu sawa wee.

Mama yako Kavira, dada yangu mudogo, alikuwa première année, kilasi ya kwanza. Vita ilikuwa imepamba moto, baba yetu akatutosha ku Butembo, kule Mususa, akatutuma ku Beni kwa dada yake, tante Masika. Alikuwa anasikia kule kuko kimya. Muzee alikosea, mais wakati ile kila mutu alikuwa anakimbilia fasi yenye mwenzake anakimbia.

Unajua shiye batu ya Butembo. Asubui kule iko baridi, mutoto hawezi kutoka bila pullover ya sufu. Tukafika Beni na zile pullover zetu. Batoto ya Beni banavaa shemizi, shati nyepesi tu, shiye tunatoka jasho sawa mikate mu four ya moto. Mais tante alikataa tuvue. Akasema, "Batu batasema kaka yangu ananitumia batoto uchi." Donc tulivaa. Mi nilikuwa na miaka kumi na tano mu kilasi ya batoto, nilikuwa nakaa ku banc ya nyuma, nabachekesha. Kucheka njo kazi yenye nilijua vizuri.

Kilasi zetu zilikuwa za mbao, juu tôles za mabati, bila plafond ya kuzuia jua. Mu kiangazi, mbele ya saa sita, tôles inaanza kulia kwa joto: ta, ta, ta. Siku moja mama yako aliitwa ku tableau aandike jina yake. Akaandika nusu, akaanguka na craie ya kuandikia mu mukono. Mwalimu akamutosha inje, akamumwangia maji, akamuvua ile pullover. Nikamubeba mu mugongo mupaka ku nyumba. Mu njia mi, kwa mara ya kwanza, sikupata kitu ya kuchekesha.

Asubui yake tante akaenda ku bureau ya directeur pamoja na bamama bengine, nami nyuma yao. Directeur alikuwa mutu ya Kasai. Serikali ilimutuma huku mbele vita haijaanza, barabara ikafungwa, akabakia. Alikuwa amechoka hata mu mavazi.

Tante akasema, "Directeur, funga masomo mupaka mvua irudi. Huyu mutoto si wangu, ni wa kaka yangu. Akikufia humu, nitamuambia baba yake nini?"

"Mama, nikifunga leo, kesho basoda na bunduki zao banaingia. Unabajua. Bakiona nyumba haina batu, inakuwa camp yao ya kulala. Batachoma bancs bapike, kiisha batachoma mbao. Mvua itarudi, mais masomo haitarudi."

"Donc batoto babakie humu juu ya kuchunga mbao zako?"

Unaona, mwana yangu, bote babili balikuwa na haki. Hiyo njo magumu ya vita: batu babili banasema kweli, na kweli zao haziingie mu nyumba moja.

Mi nikafungua kinywa. "Directeur, funga tu. Hata balimu banasinzia. Shiye tutarudi na akili mupya."

Bamama bakacheka. Directeur hakucheka. Akaniangalia pole pole, akasema, "Kasereka, wee unacheka kwa sababu unajua utarudi. Nani alikuambia utarudi?"

Mupaka leo sijamujibu vizuri.

Mama moja mwenye alikuwa mu kimba, baimbaji ya kanisa, njo alituonyesha njia. Akasema, "Batoto baingie mapema sana, batoke mbele tôles haijalia. Kiisha shiye bamama tuingie. Soda anataka nyumba bila batu. Tumupe nyumba na batu."

Directeur akafikiri, akakubali. Na tante akatuvua pullover, akasema ni yeye alitaka tangu zamani.

Ikawa vile. Batoto banasoma wakati ya ubaridi, kiisha banaenda kulala. Saa ya joto bamama banafika na vitunga vya maharagi, banakaa ku bancs zetu, banatosha maganda na kuimba nyimbo za misa. Mi directeur alinitia ku mulango, juu eti nilikuwa na sauti ya kubaambia kama basoda banakuja.

Siku basoda bakafika, mukubwa yao akasimama ku mulango. "Mama, munafanya nini humu?"

"Tuko ku masomo, afande," tante akajibu.

"Munasoma nini?"

"Maharagi."

Akaingia. Akakaa ku banc ya mbele, akavua kofia, akajipepea. Tôles zinalia. Jasho ikamutoka, akaangalia juu, akaangalia bamama, akasimama. "Humu hata shetani hawezi kulala," akasema, bakaenda. Joto yenye iliangusha mama yako, njo ilimufukuza na yeye.

Mvua ikarudi. Mama yako akamaliza kuandika jina yake ku tableau, nzima.

Kiisha vacances, ile likizo kubwa, ikafika. Kila mutu akaenda ku mashamba, directeur akatia kufuli. Hakuna mwenye alikumbuka kubakia mule na maharagi. Basoda bakaingia bila kuuliza mutu. Wakati tulirudi, bancs zilikuwa majivu. Baba akatuita Butembo, mama yako bakamupokea ku masomo ingine kwa sababu alikuwa mudogo. Mi nikaenda kujifunza kutengeneza vélo, zile baiskeli, njo maana cinquième ni université yangu.

Sasa sikia. Vita haijaisha, unaijua sawa mi naijua, na nimechoka kuihesabia majina. Donc jibu yangu ni hii. Joto ikikuwa kali, musiache mutoto chini ya tôles. Mupunguze saa, muanze mapema, mubavue pullover, hata kama tante atakasirika. Mais mulango, musiufunge. Wakati batoto banatoka, mutu mukubwa aingie: kimba, bamama, hata mi na kiti yangu, nitalala mule. Kulala najua. Na mukifunga siku moja, musichekelee. Muulize kwanza nani ataingia.

Mungu akupe kivuli wakati ya jua, mwana yangu. Akupe mvua kwa saa yake. Na kila fasi utatoka ukisema utarudi, akurudishe, ukute mulango wazi na banc yako ingali inasimama.