Nyuma ya Fundi Cherehani

Mujukuu wangu wa kwanza alizaliwa Goma kwa sababu mama yake alitaka kushikwa mukono na mama yake mwenyewe. Basi, hakuna sababu nyingine. Mama yake ni Mukongomani. Mwanangu alimuoa kule, akamuleta huku Gisenyi, mke akapata karatasi za uraia wa Rwanda, na tumbo lilipokuwa kubwa akavuka bariyeri ya mupaka kwa miguu, kikapu mukononi, akaenda kuzaa. Mutu anaweza kuacha uji wangu motoni, akavuka, akarudi, akaukuta haujaungua. Ndiyo urefu wa ugeni wa mujukuu wangu. Nilimurudisha mimi mwenyewe, nimemufunga mugongoni, na polisi wa bariyeri akaniuliza kama nimebeba kitu cha kulipia ushuru. Nikamuambia abaki na swali lake.

Shule niliacha nikiwa bado na meno ya utoto, kwa hiyo mambo ya sheria nayasikia redioni kama kila mutu. Lakini yule mutoto nimemulea, ninajua nilichokilea. Sasa ni musichana mukubwa, anafundisha watoto wa chekechea. Bomba la maji likikatika, yeye ndiye anayepiga simu mpaka watu wa kampuni ya maji wachoke. Watu wakigombania mupaka wa shamba la maharage, wanamutafuta yeye. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Bon, ni kwa sababu ni wangu, lakini pia ni kweli.

Mukuu wa mudugudu wetu, yaani wa mutaa wetu, alihama, akafuata watoto wake Kigali. Tukatangaziwa kwamba wa kumurithi atachaguliwa baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wanawake wa kwaya wakasema watamutaja mujukuu wangu. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kifua mbele. Asubuhi ya siku yenyewe, tukinywa chai, akaniambia:

"Nyogokuru, wakinikataa kwa sababu mi bado kijana, sawa. Lakini wakinikataa kwa sababu nilizaliwa ng'ambo, sitasimama tena mbele ya watu wa hapa. Hata kusoma matangazo kanisani sitasoma."

Nikamuambia anywe chai, inapoa. Namujua. Akiwa mudogo alisema hatakula tena ndizi za kuchoma, na mpaka leo hajala.

Siku ile tulikuwa tunakwangua majani kwa majembe kando ya njia ya shule. Karibu yangu alikuwa jirani yetu, fundi cherehani, Muislamu wa zile familia za zamani za muji. Yeye ndiye aliyeshona suti ya harusi ya mwanangu, na sare za watoto wote wa mutaa. Ni mutu muzuri, sina baya la kumusema, na wanaume wa musikitini walikuwa wamekwisha kumutaja yeye. Akasema, huku analima, kwamba mujukuu wangu ana akili na heshima, lakini uongozi uende kwa mutu aliyezaliwa hapa. Akasema tukilegeza kwenye mudugudu, kesho tutasikia hata kile kiti cha juu kabisa cha nchi kinafaa kukaliwa na mutu wa kuzaliwa popote.

Niliweka jembe chini. Majani yangu yalibaki hapo, labda yapo mpaka leo.

Nikamuambia aangalie walioshika majembe. Yule na mimi tumezaliwa Masisi, Kongo. Yule mwenye kofia Kampala. Yule mwembamba mwenye Kiswahili cha kunyooka, Tabora. Tukikaa chini wote, hiyo njia ataisafisha na nani? Akajibu kwamba jembe halina haja ya kujua ulizaliwa wapi, kiti kinataka kujua. Nikamukumbusha babu yake, aliyekuja hapa kwa miguu kutoka huko huko Tabora, na furushi la nguo kichwani.

"Babu yangu alikuja, mimi nilizaliwa," akasema. "Ndicho ninachokisema, Bi mukubwa. Na babu hakuja kuomba kutawala mutu. Aliomba mahali pa kuswali na pa kutandika nguo zake."

Akaongeza kwamba sheria yenyewe inataka mukubwa wa nchi awe Munyarwanda wa asili. Hapo mujukuu wangu, aliyekuwa pembeni yetu na jembe lake, akasema kwa upole kwamba baba yake ni Munyarwanda, donc naye ni wa asili, hata angezaliwa juu ya mutumbwi. Fundi akafikiri, akakubali. Akasema basi tuseme wale waliopata uraia kwa ndoa. Watu wote wakageuka kumutazama mke wa mwanangu, ambaye alikuwa anakusanya majani na reki, hana habari na mutu.

Nilingoja amujibu vizuri. Nilikuwa tayari nimejaza mudomo kumusaidia.

"Muzee iko na haki," akasema. "Kile kiti cha juu, mi singepatia mutu kama mi. Goma ikiumwa, mi silali. Mutu wa pale anapaswa kukosa usingizi juu ya nchi moja tu."

Nilihisi kama nimepigwa kofi na mutu niliyemubebea mwavuli. Miaka yote hii nimetembea mutaani nikisema mke wa mwanangu ni Munyarwanda kuliko Wanyarwanda, na yeye, mbele ya watu wote, anakwenda upande wa fundi cherehani. Nikamuambia kwamba yeye nchi hii aliichagua kwa miguu yake mwenyewe, akaacha mama yake na lugha yake. Fundi hakuchagua kitu. Alizaliwa tu, kama mbuzi anavyozaliwa kwenye zizi.

"Sasa mimi nimekuwa mbuzi," fundi akasema.

"Mbuzi anayeshona."

Watu wakacheka, na yeye pia. Mke wa mwanangu akanivuta kitenge, akasema, "Mabukwe, imetosha." Lakini mi nilikuwa nimeshapata moto.

Filimbi ikalia, tukaenda kwenye uwanja wa shule. Fundi alitembea mbele, mimi nyuma yake kabisa, namusemesha mugongo. Nilikuwa nimepata hoja nzuri kuliko zote. Nilimuuliza, mutu akikaa ndani ya nyumba, akaziba paa lake kila mvua, akazika wafu wake kwenye kiwanja chake, nyumba hiyo itakuwa yake lini? Lazima awe alizaliwa chumbani? Alifika mbele, akasimama, na mimi nikasimama nyuma yake. Nikauliza tena kwa sauti. Hakugeuka hata shingo.

Sasa, hapa kwetu uchaguzi wa mudugudu hauna karatasi. Anayegombea anasimama mbele, anatugeuzia mugongo, anatazama ziwa. Anayemutaka anakwenda kusimama nyuma yake, na mwingine nyuma ya huyo, mpaka mustari unakamilika. Mugombea hageuki. Ni aibu kuchungulia nani amekuja na nani hakuja.

Fundi alikuwa anatazama ziwa.

Niligeuka nyuma. Nilimuona mwanamke anayeuza viazi vya Mudende. Nyuma yake mama wa kwaya, nyuma yake mwingine wa kwaya, na wengine wanakuja wanafunga kanga wakitembea. Wameona nyanya wa musichana amekuwa wa kwanza nyuma ya fundi. Wakafikiri familia imekaa, imeamua, imemukataa mutoto wake. Wangefikiri nini kingine?

Upande wa pili mke wa mwanangu alikuwa amesimama nyuma ya binti yake, ananikodolea macho. Nyuma yake vijana wachache, na yule mutu wa Tabora. Mujukuu wangu alitazama ziwa. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, kama zamani alipongoja sindano. Alikuwa haoni kitu, lakini miguu alikuwa anaisikia inakokwenda.

Kutoka kwenye mustari wa mutu mbele ya watu ni kama kumutemea mate chakulani. Nililijua hilo. Nikatoka.

"Mi nilikuwa nagombana na huyu muzee," nikasema kwa sauti ya kufika Goma. "Sikuwa namuchagua. Mustari ndio umenikuta hapa."

Uwanja ulicheka. Afisa aliyetumwa kutusimamia alifunika mudomo kwa kofia yake, kisha akaniomba nimalize kutembea kwa sababu anataka kuhesabu. Wanawake wa kwaya walinifuata, mumoja akinung'unika kwamba nitawaua kwa kukimbizana juani. Muuza viazi hakutoka. Baadaye aliniambia wazi kwamba suruali za fundi hazipasuki, na mutu wa namna hiyo anamuamini.

Fundi, bila kugeuka, akauliza, "Sasa utaninyamazia, Bi mukubwa?"

Nikamuambia sinyamazi mpaka anijibu habari ya nyumba.

Mustari wetu ulikuwa murefu zaidi. Si sana, lakini afisa hakuwa na haja ya kurudia. Mujukuu wangu alipoambiwa ageuke, aligeuka polepole, akatazama mustari kuanzia mama yake mpaka mutu wa mwisho, mabega yakashuka. Mama yake alikuwa analia ndani ya kitenge. Fundi akaja, akamupa mikono yote miwili.

"Mudugudu ni wako, mwanangu," akasema. "Kile kiti kingine bado tunazungumza na nyanya yako."

Na kweli tunazungumza. Jumapili anakuja na suruali za kupindwa, anakaa uani kwangu, tunaanza palepale tulipoachia. Mke wa mwanangu anamupikia chai na kumuunga mukono, niko peke yangu. Mi nasema hivi: kuzaliwa ni kazi ya mama, mutoto hakuulizwa. Mutu akae nasi siku nyingi, ale njaa yetu na sisi, azeeke kidogo hapa, kisha na yeye asimame atazame ziwa, aone nani atakuja nyuma yake. Wasipokuja, arudi nyumbani. Mke wa mwanangu anasema nasema hivyo kwa sababu nataka yeye atawale. Namuambia kwanza aache kuunguza maharage.

Mujukuu wangu tulimuuliza aseme yuko upande gani. Akasema mukuu wa mudugudu hana upande, akaenda kuoga.

Wiki ya pili yake, asubuhi, aligonga mulango wa chumba changu, yeye anayelala chumba cha pili. Amevaa viatu vya kazi. Akaniambia kuna malalamiko juu ya mutu anayemwaga maji ya kufulia barabarani, watu wanateleza, na mutu huyo ni mimi. Nikamuuliza kama anajua anaongea na nani.

"Najua," akasema. "Mukazi."

Tangu siku ile namwaga nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Ni mbali, beseni ni nzito, mugongo unaniuma. Na kila ninayekutana naye namueleza nani amenikataza.