Nyongeza Niliyogawa Kikaoni Mikumi

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, na hata leo nikisikia mtu anataja Mikumi huwa najifanya nina haja nje, lakini mmenibana na mimi nimechoka kuibeba peke yangu, kwa hiyo sikilizeni, mcheke mmalize, halafu yaishe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Dada yangu Mwanahawa alikuwa na karakana ya sabuni za mche nyuma ya nyumba yetu hapa Kilosa, wanawake sita wanachemsha mafuta, wanakata, wanapanga, na muuzaji ni mimi. Na kuuza nilikuwa najua, sijisifu (haya, najisifu kidogo). Ungenikuta gulioni Tindiga ungedhani kuna ngoma: nagonga kengele, namwita mama mmoja mbele, naomba kitambaa cheupe, nakipaka oili chafu watu wanaguna, nakifua kwenye karai mpaka kinang'aa, na akinunua mche mmoja namkatia kipande cha nyongeza, namwekea mkononi mwenyewe, namwambia, "Hiki chako mama, cha mapenzi tu, usinisahau." Basi hapo wanajaa. Mteja wa gulioni anaamua palepale kwa macho yake, hana wa kumuuliza zaidi ya mumewe, na mara nyingi hamuulizi.

Sasa sabuni za nje zikaanza kuingia, zimefungwa karatasi za rangi, zinanukia maua, na zetu zinanukia, basi tu, sabuni. Mauzo yakashuka gulio hadi gulio. Dada akasema wazi kwamba tusipopata mnunuzi mkubwa wa kila mwezi, anafunga, na wale wanawake sita kila mtu arudi kwake. Ndipo tukapata barua kutoka hoteli moja kubwa kule Mikumi, ya wageni wanaokuja kutazama wanyama. Wanataka sabuni ya kufulia mashuka, tuje kikaoni.

"Shabani," dada akaniambia, "kule si gulioni. Wape barua ya bei, wasikilize, jibu ulichoulizwa, rudi."

"Ndiyo, dada."

Nikaondoka na barua, katoni ya sabuni, na (hapa ndipo nilipojiponza, kwa uamuzi mdogo kabisa) nikatia kwenye gunia kengele, karai na kichupa cha oili chafu, eti kwa tahadhari.

Nikapanda lori, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Wakaniingiza chumba chenye meza ndefu na kitambaa cheupe, watu watano: meneja, mhasibu, mtunza stoo, katibu wa kuandika, na mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyetambulishwa kwangu kama Mama Salome, mkuu wa madobi. Nikasema shikamooni, wakaitikia, nikakaa, nikatoa barua. Mpaka hapo dada angejivunia.

Maswali yakaanza. Mtunza stoo anauliza mvua zikikata barabara ya Kilosa sabuni itafikaje. Mhasibu anauliza bei hii mtaishikilia mwaka mzima au mtaibadilisha kila mwezi. Mama Salome akauliza taratibu, "Mwanangu, mmeshaijaribu na maji ya kisima? Ya kwetu hapa yana chumvi."

Nikamjibu, "Mama, sabuni hii haibagui maji!"

Gulioni hapo wangecheka. Pale hakucheka mtu, nikasikia kalamu ya katibu tu, kha, kha, kha. Halafu wakanyamaza wote wanasoma barua, na mimi kimya kile kikaniingia mwilini, maana gulioni watu wakinyamaza ujue wanaondoka, na nikawaona wale wanawake sita wanaondoka, na kabla sijajua nafanya nini mkono ukawa ndani ya gunia.

Nikagonga kengele.

Jamani. Ndani ya chumba. Mhasibu alimwaga chai. Na mimi badala ya kuomba radhi nikaona loo, doa hilo limejileta, nikavuta kile kitambaa cha meza (cha hoteli!), nikakiongezea oili chafu ili waone kazi, nikachota maji kwenye bomba la kona, nikaanza kufikicha huku napiga kelele, "Sogeeni, sogeeni, macho hayana pazia!" Watu watano, wamekaa kwenye viti, wasogee wapi?

Povu halikutoka. Sabuni ikakatika vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda, oili ikatambaa mpaka pindo, na kadiri nilivyofikicha ndivyo doa lilivyonenepa. Jasho likanitoka. Mama Salome akaniangalia kwa huruma, akasema polepole, "Ni chumvi, mwanangu. Acha."

Ningeacha pale labda ingekuwa kicheko tu. Lakini muuzaji wa gulio akiharibu, hutengeneza kwa nyongeza, hiyo ndiyo adabu yetu, na mimi kichwani sikuwa na lingine. Nikakata vipande, nikaanza na Mama Salome, nikamwekea kipande mkononi, nikaufumba mkono wake kwa mikono yangu miwili iliyojaa oili, "Hiki chako mama, cha mapenzi tu, usinisahau." Nikazunguka meza nzima. Meneja nikampa viwili kwa ukubwa wake.

Katibu akauliza, "Meneja, na hili niandike?"

"Andika."

"Niandikeje?"

"Andika ulivyoona." Kisha akanigeukia, hata hakupaza sauti. "Bwana Shabani, hapa hakuna anayejinunulia sabuni yake. Tunainunulia hoteli, na kila mmoja wetu ataulizwa kwa nini alikubali. Sasa sote umetutia kitu mkononi. Nenda salama."

Nikakusanya vyombo vyangu. Getini nikasikia naitwa, ni Mama Salome, amenifuata na kipande chake. Akanirudishia.

"Sabuni za nje zinakula mashuka yangu na mikono ya wasichana wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyesema mwitwe ninyi wa Kilosa. Ungeniachia miche miwili niipime na maji yetu wiki moja, ningemwambia dada yako arekebishe nini, na ningewasemea."

"Mama, nakuomba, tusemee hata sasa."

"Nitasemaje? Umenishika mkono mbele za watu. Nikisema ndiyo, itakuwa nimesema kwa sababu ya kipande hiki."

Nilirudi Kilosa juu ya mizigo, mgongo unauma na moyo unauma zaidi. Nyumbani nikawakuta wote uani wanangoja, na pipa la mafuta wameshaliweka jikoni, wana matumaini ya oda.

"Wamesemaje?" dada akauliza.

"Wamekataa."

"Kwa sababu ya sabuni?"

"Kwa sababu yangu."

Nikamweleza yote. Angenitukana ningepumua. Aliinama tu akatoa kuni moja moja chini ya lile pipa. Wale wanawake wakafunga khanga zao, wakapita mbele yangu mmoja mmoja, "Haya, kaka Shabani, pole na safari," wote sita, kwa heshima kabisa. Mwezi uliofuata karakana ilifungwa.

Tangu hapo, nikiitwa ofisini kuuza chochote, nauliza kwanza ni nani atakayekitumia na nani atakayelaumiwa kikiharibika, nakaa na hao, na wakinyamaza, nami nanyamaza mpaka waseme wenyewe.