Nilipolala Kiti cha Nyuma

Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu, na mbili za kwanza ziliharibika. Ya pili ilitoka njiani, kati ya kwetu Butembo na Beni, ndani ya teksi iliyonuka mafuta ya mazuti na kuruka kila shimo. Safari hii daktari wa Beni alisema atamzalisha kwa kumpasua kabla uchungu haujaanza, na mpaka siku hiyo alale, asiinue hata ndoo. Tatizo likabaki barabara. Nikajiambia, barabara siiwezi, lakini gari nitaliweza.

Hapo ndipo nilipoanza kusumbua watu. Mimi sijui kutulia. Chai nainywa nimesimama, na kanisani nabadilisha mguu mpaka dada mkubwa wa mke wangu, ambaye sote tunamwita Yaya, ananifinya. Nauza viazi na vitunguu vya Lubero, na sidhani kuna mtu sokoni aliyewahi kuniona nimeketi. Niliposikia kuna mfanyabiashara amepitisha mpakani Kasindi magari matatu ya umeme, nilimfikia hata uso hajanawa.

La kwanza lilikuwa dogo na la kupendeza, ila tumbo lake lilikuwa chini mno. Kwenye shimo la kwanza lilikwaruza ardhi kwa sauti iliyonifanya nishike tumbo langu mwenyewe. La pili lilikuwa refu, lakini viti vyake vilikuwa vigumu kama benchi la kanisa. Nilishuka kiuno kinaniuma, na mimi sina mimba. Nikarudi tena kulijaribu, nikidhani labda kosa ni la dereva, yaani mimi. Muuzaji akaniuliza kama nanunua gari au naoa.

La tatu lilikuwa jeupe, na niliposhika usukani niliona linateleza tu. Lakini mke wangu hangekaa mbele, angelala nyuma. Kwa hiyo nikampa muuzaji usukani, nikamwomba aende polepole kabisa, nikajilaza kiti cha nyuma kwa ubavu, magoti nimeyakunja. Nilikuwa nimekuja na kitenge chake, nikajifunika mpaka kifuani kwa sababu ya vumbi. Nikafumba macho ili mashimo niyasikie kwa mbavu.

Tulipita kando ya soko, tukashika njia ya Beni. Gari halikutoa sauti yoyote. Nilifumbua jicho mara moja, nikaona mwendesha pikipiki amesimama pembeni, amevua helmeti, anafanya ishara ya msalaba. Nikamwona mstaarabu. Mbele yake akina mama walikuwa wametua mizigo yao chini. Kwetu, gari likibeba maiti huenda polepole hivyo na watu husimama, lakini hilo halikunijia akilini. Kusema kweli nilikuwa nimestarehe. Mwili wangu ulikuwa umelegea, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miezi mingi, na nikaamua hili ndilo gari.

Tuligeuza kurudi nyumbani. Kabla ya kona yetu nikasikia kilio cha wanawake, nikainuka. Uani kumejaa watu. Mke wangu alikuwa amesimama barabarani bila viatu, Yaya amemshika kiuno. Nilipotoka garini na kile kitenge mabegani, kuna waliokimbia, na kuna waliocheka mpaka wakakaa chini. Mke wangu hakukimbia wala hakucheka. Hasira yangu ikanitangulia, maana niliogopa, nikamkemea mbele ya watu wote: nani amemruhusu kuamka?

Akakichukua kitenge chake mabegani kwangu.

"Balinambia ulikuwa umelala, umetulia kabisa," akasema. "Njo maana niliamini ulikufa."

Kisha akashika mlango wa gari, akainama.

"Tumbo inaniluma. Twende ku Beni sasa."

Muuzaji alirudi kwenye usukani, habari ya bei hakuna aliyeitaja. Yaya alikaa mbele na rozari yake. Mimi nilikaa nyuma, kichwa cha mke wangu mapajani pangu, macho yangu yakihama kati ya uso wake na alama ya umeme iliyokuwa ikishuka. Nilitamani kushuka nikasukume. Nilimwambia muuzaji akimbie, halafu nikamwambia aende taratibu, halafu akimbie, mpaka Yaya akageuka na kuniambia ninyamaze. Kwenye kila kizuizi askari walichungulia, wakaona mwanamke amelala na kitenge mpaka kifuani, wakaanza kuvua kofia. Na kila mara yeye aliinua mkono na kuwasalimia.

Hospitalini muuguzi alimlaza, akaweka kile chombo cha kusikilizia juu ya tumbo. Akasikiliza upande mmoja, akakihamisha. Akakihamisha tena. Mimi nilikuwa nikizunguka chumba kutoka dirishani hadi mlangoni, na bila kuinua kichwa akaniomba nisimame, viatu vyangu vinamzuia kusikia. Nikasimama. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi, si muuguzi, na nikajitahidi uso wangu usiseme kitu.

"Moyo ya mutoto inapiga," muuguzi akasema.

Niliketi palepale sakafuni, nikalia, na sikutaka kuinuka.