Mpunga wa Ukweni

Msimu ule nilichoka kuliko punda wa Tinde, na punda wa Tinde hubeba maji, kuni na magunia, na siku za mnada humbeba hata mwenyewe akiwa amelewa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, ya kompyuta na takwimu, na cheti nimekitundika ukutani juu ya kitanda. Watu waliniambia nikimaliza nitapumzika. Kumbe aliyezoea kusoma usiku akiacha, mwili unakumbuka uchovu wote uliofichwa na unamletea kwa mpigo mmoja.

Nilikuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kando ya barabara kuu. Vumbi la pumba pale ni jingi kiasi kwamba vifaranga wetu walitoka kwenye yai wakikohoa. Mwenye mashine alikuwa mama mmoja mjane, mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia hata mashine ikiunguruma. Aliyeiendesha alikuwa fundi wake wa tangu mwanzo, Msukuma mrefu, mpole, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye aliijua mashine kwa mlio wake kama wengine tunavyomjua mtoto kwa kilio. Mchele wetu mzuri ulikwenda kwa mzabuni mmoja wa chakula, aliyewalisha wafanyakazi wa mgodi kambini upande wa Bugarama. Na wale watu wanakula. Mtu akitoka chini ya ardhi anakula kama anafukia shimo alilochimba.

Asubuhi moja lori la mzabuni likarudi na magunia yetu.

"Chenga," dereva akasema, akishuka. "Bosi anasema hajaagiza chakula cha kuku."

Chenga ni punje zilizovunjika. Hakuna mashine isiyotoa chenga, lakini zikizidi, wali unageuka uji. Mama akafungua gunia moja, akamimina mchele kiganjani, akautazama. Kisha akaniita nyuma ya rundo la pumba.

"Wewe si ulisomea mambo ya hesabu?"

"Nilisomea takwimu, mama. Sikusomea mchele."

"Mchele hauhesabiki?"

"Unahesabika, ila ni mwingi."

"Utahesabu taratibu." Akapunguza sauti. "Mzabuni amenipa mpaka mwisho wa mavuno. Akipata chenga tena, anahamia Kahama. Watu wanasema ni fundi, amezeeka, masikio yamekufa. Huyu nimefanya naye kazi tangu baba watoto yuko hai. Simwondoi kwa maneno ya watu. Lakini kama ni yeye, nitamwondoa. Nitafutie."

Ajira ya fundi ikawa imewekwa juu ya kichwa changu kama ndoo ya maji. Mwenyewe fundi alijua, maana penye mashine siri huishi muda mfupi kuliko panya. Kesho yake nilipomwamkia aliitikia, akaongeza salamu ya asubuhi ya kwao, "Mwangaluka, hakimu."

"Mimi karani tu, mzee."

"Hata hakimu huanza kwa kuandika."

Nikaanza kuandika. Kila mzigo uliokobolewa nilichota kikombe kimoja, nikakimwaga kwenye sinia, nikatenga nzima huku na chenga huku, nikapima kwa mizani ndogo niliyoazima kwa dalali wa dhahabu. Wabebaji mizigo walifurahi sana. "Msomi wa jioni leo kapata gramu ngapi?" waliniuliza kila nilipopita. Kisha nikaingiza kwenye kompyuta: raba za mashine mpya au kuukuu, kulikuwa na mvua au jua, nani kapokea mpunga, nani kaendesha, mpunga umetoka kijiji gani. Nilitenga punje hadi macho yakawa na punje ndani yake. Nyumbani mke wangu alipopakua wali, vidole vilianza vyenyewe, nzima kushoto, chenga kulia, mpaka siku moja akaniuliza kama mama yangu alinifundisha kula au kukagua.

Nilizishuku raba kwanza. Raba ndizo zinazomenya punje, na zikiisha zinavunja. Nikapanga jedwali kwa umri wa raba. Hakuna kitu, mpya na kuukuu zilikaribiana. Nikapanga kwa mvua. Ilionekana dalili, lakini ndogo, si ya kurudishiwa lori zima. Basi nikapanga kwa mtu, jambo nililokuwa nikilikwepa tangu mwanzo.

Zamu za mwenzake, kijana aliyeshika mashine hasa usiku, zilikuwa safi. Zamu za fundi zilikuwa na chenga karibu mara mbili.

Nilikaa mbele ya ile grafu nikiwa nimechoka kama niliyebeba magunia yote mgongoni. Mistari miwili tu, mmoja mfupi, mmoja mrefu, na ule mrefu ulikuwa na wajukuu. Ningeweza kufunga kompyuta na kwenda kwa mama pale pale. Lakini mwalimu wetu wa jioni, ambaye naye alifundisha huku akisinzia, alikuwa na desturi ya kutuambia kwamba ukipata jibu linalompendeza kila mtu mtaani, ligawe tena. Nikaligawa. Nikachukua zamu za fundi peke yake, nikazipanga kwa kijiji.

Mpunga wa vijiji vyote aliukoboa vizuri kama mwenzake. Chenga zote za ziada zilitoka kwenye mizigo ya kijiji kimoja, ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Na mwenzake alipokuwa zamu, mpunga wa kijiji kile ulitoka salama.

Hapo nikachanganyikiwa. Kama ni udongo, mbona unamchagua mtu?

Mchana umeme ulipokatika nilimkuta amekaa juu ya kiroba, anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mpunga ukifika pale, mwenye zamu ndiye anayeupokea, naye huchukua punje moja na kuing'ata. Ikilia ka, ni kavu, inapita. Ikibonyea, bado mbichi, inarudishwa kuanikwa, maana mpunga wenye unyevu ndio unaovunjika. Kipima unyevu tulikuwa nacho, kilikaa kabatini bila betri. Wote tuliamini meno.

"Mzee," nikamwambia, "mpunga wa ng'ambo ya majaruba huwa unaung'ata?"

Akaendelea kufuta mikono.

"Wa kwingine nakuona unang'ata. Wa kule je?"

"Kule ni ukweni," akasema.

Nikasubiri aendelee. Kwake yeye alikuwa amemaliza.

"Mimi mgeni, mzee. Nifafanulie."

"Wanaoleta ni akina mama. Mama mkwe wangu, na dada zake, na wake za ndugu zake. Wote kwangu ni wakwe. Wakija nainamisha macho, nawaamkia kwa mbali. Sasa unataka nichukue mpunga wa mama mkwe, niung'ate mbele yake, niuteme, nimwambie, mama, huu mbichi?"

"Ungemtuma mwenzako."

"Nikimtuma mtu, nimesema mimi."

"Kwa hiyo unaupokea tu."

"Naupokea. Nauchanganya na mkavu, nikidhani utapotea humo." Akatikisa kichwa. "Haupotei, gete, haupotei kweli."

Miezi yote ile nilikuwa nikitafuta kosa kwenye chuma, na nimekuta adabu. Hakuna aliyetufundisha safu ya jedwali ya kuiweka.

Nikampelekea mama mwenye mashine kompyuta. Aliishika kwa kuinyoosha mbali, kama kioo kinachomzeesha, akanirudishia. "Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye neno ukweni aliinua mkono nisiendelee. Yeye pia Msukuma.

"Nina wakwe wawili," akasema. "Mmoja akija kuung'ata mpunga wangu mbele yangu, namrudisha binti yangu nyumbani siku hiyo hiyo." Akapangusa pumba begani. "Kwa hiyo nimfukuze mtu kwa sababu ana adabu?"

"Grafu haisemi umfukuze, mama. Inasema asipokee mpunga wa kule. Na mpunga wa kule tuupangie siku zake, ukifika uanikwe hapa kwetu kwanza, ndipo tuununue. Wa vijiji vya karibu tuukoboe huku ule ukikauka. Nimeshakupangia mpaka mavuno yaishe."

"Na nani atapokea? Mwenzake ni wa usiku zaidi." Akanigeukia. "Wewe si Msumbwa wa Ushirombo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mkeo?"

"Wa kule kule."

"Basi hapa huna mkwe hata mmoja," akasema, na mimi nikadhani ananisifu. "Kuanzia kesho uko getini."

Hivyo ndivyo elimu yangu yote ya jioni ilivyonifikisha getini, kwenye jua ambalo lingeweza kukaanga yai hewani, kuwaambia bibi za watu kwamba mpunga wao mbichi. Nilinunua betri. Siku ya kwanza nilichukiwa na akina mama wengi kiasi kwamba nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Mama mkwe mwenyewe alikuja na mpunga wake juu ya baiskeli iliyosukumwa na jirani, yeye akitembea nyuma, mwembamba, amenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko ndani, anakaza mkanda wa mashine." Ilikuwa kweli. Alikuwa akiukaza tangu alipomwona mama mkwe barabarani.

Nikapima. "Mama, mpunga una unyevu. Inabidi uanikwe tena."

"Kidude ndicho kinachosema au wewe?"

"Kidude, mama."

"Mbona siku zote hakikusema?"

"Hakikuwa na betri."

"Na mkwe wangu, naye hakuwa na betri?"

Jibu lolote lingemvua mtu nguo, nikakifuta kidude kwa shati. Akautazama mlango wa mashine, akaelewa peke yake, taratibu.

"Mimi nilidhani mashine yenu mbovu," akasema. "Ule ninaobakiza wa kula, nimeula chenga tangu mavuno yaanze. Nikanyamaza. Nitamwambiaje mkwe kwamba mashine yake inavunja?"

Akatandaza mpunga wake kwenye turubai letu, uwanjani, mbele ya mlango. Akaketi na fimbo kufukuza kuku. Mashine ile ina mlango mmoja tu. Saa ya kula ikafika, fundi hakuweza kutoka, maana angempita mama mkwe karibu mno. Nikampelekea ugali ndani. Nikarudi nje na salamu. Nikaingia na majibu ya salamu.

Tukaenda hivyo hadi mavuno yalipoisha. Siku lori la mzabuni liliporudi tupu, likitaka mzigo mwingine, mama mwenye mashine alilizunguka, akachungulia yeye mwenyewe sehemu ya mizigo, kisha akaniambia kwa ile sauti ndogo, "Kamwambie fundi lori limerudi tupu. Mwambie aagize raba za msimu ujao, azichague mwenyewe."

Nikaingia, nikamwambia. Akaweka kiganja juu ya mashine, akakiacha pale.

"Mama mkwe yuko nje?"

"Yuko kwenye turubai. Anasema mpunga wake ukikauka uukoboe wewe, si mwenzako."

"Mwambie nimesikia. Mwambie wabeja, asante sana."

Kutoka mlangoni hadi kwenye turubai ni hatua chache. Nilizitembea kama mtu anayekwenda Geita kwa miguu, na nilipofika, mama mkwe, aliyesikia yote kupitia mlangoni, alikuwa tayari ana jibu la kurudisha.