Nafasi ya Dagaa Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi huko Kiseke, mwalimu mkuu alinikabidhi chaki na somo la lishe. "Wenzako wanalikwepa," akasema. "Wewe mgeni, lichukue." Sikukasirika. Nilidhani nimepewa kazi ya kuokoa watoto.

Enzi zetu tulifundisha kwa meza. Kila mtoto alileta kutoka kwao kipande cha kile walichokula jana, tukavipanga juu ya dawati kwa makundi: vya wanga vinavyotia nguvu huku, vya protini vinavyojenga mwili kule, mboga na matunda pembeni. Upande wa wanga ulijaa ugali na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Upande wa protini ulikuwa ubao mtupu. Nikawa nachora samaki kwa chaki, na ziwa lenyewe haliko mbali. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mimi nililambisha watoto chaki.

Nilipohamishiwa Buzuruga nikamkuta Kabula, darasa la tatu, nywele nyekundu nyepesi, miguu imevimba. Ule ulikuwa utapiamlo, mwili umekosa cha kuujenga. Mama yake alikuwa kibarua wa kuanika dagaa ufukweni. Siku ya meza Kabula akaleta konzi ya dagaa, darasa likampigia makofi. Kesho yake mama akafika, amefura.

"Mwalimu, unamfundisha mwanangu wizi? Dagaa wale wana mwenyewe."

"Mama, mtoto anaumwa njaa."

"Njaa naijua kuliko wewe. Tajiri akiona gunia limepungua, sina kazi. Hapo tutakula somo lako?"

Nikaenda kwa mwalimu mkuu wa pale kuomba uji wa shule, hata wa Kabula peke yake. "Sisi kazi yetu kufundisha," akanijibu. "Kulisha ni kwa wazazi." Basi nikafundisha. Mtihani wa lishe Kabula alipata zote. Nilimgawia chakula changu mpaka nikahamishiwa Buhongwa, na huko ndiko nilikostaafu.

Ninyi vijana mnaoingia kazini mnaniuliza kama jasho langu lilizaa kitu. Juzi nilishuka ufukweni kutafuta kitoweo. Mwanamke aliyekuwa akigeuza dagaa mchangani, mtoto mgongoni, akainuka. "Shikamoo, mwalimu. Mimi Kabula."

"Marahaba, mwanangu." Nilifurahi mno kumwona hai. Nikamwomba aniuzie dagaa kidogo.

"Hawa siyo wangu, mwalimu. Wanakwenda kusagwa chakula cha kuku."

Mtoto akageuza kichwa, khanga ikateleza. Nikaona nywele nyekundu nyepesi, zilezile. Kabula aliona ninachokitazama, akamfunika mwanawe taratibu.

"Ni protini anayokosa, mwalimu," akasema. "Sijasahau hata kundi moja."